Umeme Ukirudi, Wote Hubisha Hodi Pamoja

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni seva zinazoamua nani aingie mtandaoni na nani abaki nje, swali linalofuata huwa ni la wadukuzi. Anadhani usiku kucha napambana na vijana wanaotaka kuiba intaneti. Wapo, sikatai, na nitawafikia. Lakini katika miaka niliyokaa kwenye kampuni za kuuza intaneti majumbani, kwanza Dar es Salaam na baadaye Mwanza, kilichoniamsha usiku mara nyingi zaidi ni umeme. Wala si kukatika kwake. Ni kurudi.

Umeme ukikatika Tegeta nzima, kwangu panakuwa shwari. Ruta za wateja zimezima, hakuna anayeomba kitu. Ukirudi, zinawaka zote dakika ile ile, kila moja inajitambulisha kwa jina na nenosiri, na kila moja inataka jibu hapo hapo. Seva iliyoshinda ikipokea maombi mawili matatu kwa sekunde inapokea mamia. Hapo ndipo unapojua kama mfumo wako ulijengwa au ulirundikwa tu.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: ruta iliyo nyumbani kwa mteja haizungumzi na seva yetu moja kwa moja. Inazungumza na ruta kubwa iliyo kwenye kituo chetu, ambayo mafundi huiita NAS, na mara nyingi mazungumzo hayo ni ya PPPoE, utaratibu wa mteja kuingia kwa jina na nenosiri. NAS haijui nani kalipa na nani hajalipa. Inachukua jina na nenosiri, inavitia kwenye pakiti ya RADIUS, lugha ambayo NAS na seva huulizana nani aruhusiwe, na kuituma kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zimefika, kwenda poti 1812, yaani mlango wenye namba hiyo kwenye seva. Seva inapekua databezi, kisha inajibu Access-Accept pamoja na masharti yake, yaani anwani ya IP na spidi ya kifurushi, au inajibu Access-Reject. Mteja akishaingia, NAS inaanza kupeleka taarifa za matumizi kwenye poti 1813: ameanza, bado yupo na ametumia kiasi hiki, ametoka. Utaratibu huu ulibuniwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston Enterprises ya Marekani, kwa ajili ya mtandao wa Merit wa Michigan, enzi ambazo watu waliingia mtandaoni kwa modemu za simu. Hadi leo fundi wa Mwanza akisimika ruta juu ya paa anautegemea huo huo.

Sasa turudi kwenye umeme. Kuna majibu mawili, ndiyo na hapana, na mgeni katika kazi hii hudhani hapana ndiyo mbaya. Hapana haina shida. Kinachoua mtandao ni kimya, na kibaya kuliko kimya ni jibu linalokuja limechelewa.

NAS hungoja kidogo, ikikosa jibu inatuma tena ombi lile lile. Ruta ya mteja nayo ina subira yake. Ikiisha, inavunja mazungumzo na kuanza upya na ombi jipya kabisa. Wakati huo ombi la kwanza bado liko kwenye foleni ya seva. Seva inalifikia, inapekua databezi, inaandaa jibu safi lisilo na kasoro, na kulituma kwa aliyekwisha kuondoka. Ni kama mama lishe anayepakua sahani za wateja waliokata tamaa na kuondoka, huku waliopo mezani wanaendelea kusubiri zao. Ukiangalia grafu, seva inafanya kazi kwa nguvu zote. Ukiangalia wateja, hakuna anayeingia. Nimewahi kuona hali hiyo ikidumu saa nzima, na aliyeitatua ni fundi wa zamu aliyezima baadhi ya milango ya NAS kwa mkono na kuifungua mmoja mmoja, mtaa baada ya mtaa, hadi foleni ikaisha. Wenzangu walimcheka kwa ushamba huo. Mimi niliandika alichofanya kwenye daftari la zamu, na tumekitumia tena.

Kuna kikomo kingine ambacho hakionekani mpaka siku hiyo. Pakiti ya RADIUS ina baiti moja tu ya namba ya ombi, kwa hiyo namba zilizopo ni 256 basi. NAS inayotumia poti moja ya kutokea haiwezi kuwa na maombi zaidi ya hayo yanayosubiri kwa wakati mmoja. Seva ikijibu ndani ya milisekunde 10, hutalijua hilo maisha yako yote. Ikianza kuchukua sekunde 5 kwa kila jibu, NAS hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya watu 51 kwa sekunde, hata ukinunua seva ya bei gani.

Watu huniambia, “Lakini mna seva mbili.” Ni kweli, karibu kila kampuni ina mbili. Uliza databezi ziko ngapi. Mara nyingi iko moja, na seva zote mbili zinaisubiri hiyo hiyo. Tena NAS huhamia seva ya pili pale tu inapoamini ya kwanza imekufa. Seva inayojibu ombi moja kati ya kumi haijafa. Inaonekana hai, NAS inaendelea kuing'ang'ania, na ile ya pili imekaa bila kazi. Seva iliyozima kabisa ina heshima zake: kila mtu anajua imezima.

Tulipochimba kutafuta uzito uko wapi, haukuwa kwenye kulinganisha nenosiri. Kazi hiyo ni nyepesi mno. Uzito ulikuwa kwenye taarifa za matumizi. Kampuni ina wateja 6,000, na mtu wa malipo ameomba ripoti za kila dakika ili mteja aone matumizi yake yakisogea kwenye simu. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde za kuandika kwenye databezi, mchana na usiku, kwenye jedwali lililobeba kumbukumbu za miaka bila kupunguzwa. Ukifanya kila dakika 10, zinabaki 10 kwa sekunde. Waandishi wa RFC 2869 ya mwaka 2000, moja ya nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, walishaonya: isipungue sekunde 60 kwa vyovyote, na ni vyema isipungue 600. Wengi hatusomi nyaraka hizo hadi tuumie.

Tena kuna mtego ndani ya mtego. Wateja walioingia pamoja baada ya umeme kurudi watatoa taarifa zao pamoja, kila baada ya dakika 10, siku nzima. Grafu inakuwa na meno ya msumeno. Dawa yake ni rahisi: seva inapojibu ndiyo, impe kila mteja muda wake tofauti kidogo, huyu sekunde 640, yule 815. Ndani ya saa mbili meno yanalainika.

Dawa kubwa zaidi ilikuwa kutenganisha njia. Tunatumia FreeRADIUS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1999, na yenyewe inaweza kuziandika taarifa za matumizi kwenye faili kwanza, ikaijibu NAS kwamba imepokea, halafu kazi nyingine pembeni ikazihamishia kwenye databezi kwa mwendo wake. Databezi ikichoka, ripoti zitachelewa nusu saa. Hakuna mteja anayepiga simu kwa sababu ripoti imechelewa nusu saa. Asipoingia mtandaoni dakika tano, anapiga.

Halafu tukagundua kwamba anayebisha hodi kuliko wote ni yule ambaye kifurushi chake kimeisha. Binadamu mwenyewe labda amesafiri, yuko Moshi kwenye msiba, lakini ruta yake haijui habari za msiba. Inaomba, inakataliwa, inaomba tena baada ya sekunde chache, usiku na mchana, wiki nzima. Mamia ya ruta za aina hiyo zilikuwa zinachukua sehemu kubwa ya kazi ya seva, na si za wadukuzi wala za virusi, ni za wateja wetu wenyewe tuliowaambia hapana. FreeRADIUS kwa kawaida huchelewesha hapana kwa sekunde moja ili kupunguza kasi hiyo, ila sekunde moja haitoshi.

Nikapendekeza tuwaambie ndiyo. Mama mhasibu alivua miwani.

“Unamkubalije mtu ambaye hajalipa?”

“Tunamkubali, mama, ila tunampeleka chumba kingine. Anapewa anwani za kundi lake, spidi ndogo, na popote anapokwenda anakuta ukurasa wetu wa malipo tu.”

“Akiugundua mlango wa kutokea?”

Swali lilikuwa la haki, na lilituchukua muda kulifanyia kazi. Kuna watu wanaojua kupitisha data zao ndani ya maswali ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, kwa hiyo hata DNS ya chumba hicho tuliifungia ijibu majina machache tu: ukurasa wetu na ya watoa huduma za malipo kwa simu. Tangu hapo ruta ya aliyesafiri inaingia mara moja na kutulia. Na malipo yaliongezeka, maana mteja aliyekuwa akidhani mtandao mbovu sasa anaona maandishi kwamba kifurushi kimeisha na namba ya kulipia. Hilo la malipo mama mhasibu hulieleza kwenye vikao kana kwamba wazo lilikuwa lake, nami nimemwachia.

Kulipa nako kuna kisa chake. Mzee mmoja wa Mbezi alikuwa akipiga simu kila mwezi, sauti ya upole kabisa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nimelipa tangu magharibi, ujumbe wa muamala ninao hapa. Mbona bado mnanionyesha ukurasa wa kulipa?”

Na kweli alikuwa amelipa. Databezi ilijua, seva ilijua. NAS ndiyo haikujua, maana yenyewe huuliza mteja anapoingia tu, na huyu mzee alikuwa keshaingia, yuko kwenye kile chumba. Kuna pakiti ya kumbadilishia mteja masharti akiwa ndani, inaitwa CoA, na nyingine ya kumtoa ili aingie upya; zimeelezwa kwenye RFC 5176 ya mwaka 2008 na hupita poti 3799. Tofauti yake na nyingine zote ni kwamba hizi huanzia kwa seva kwenda kwa NAS. Mafundi wa faiawoli walikuwa wamefungua njia ya kutoka kwenye NAS kuja kwa seva, 1812 na 1813, wakaridhika. Kinyume chake palikuwa pamefungwa, na kwenye vituo viwili NAS ilikuwa nyuma ya NAT, yaani kifaa kinachoficha anwani nyingi nyuma ya moja, haifikiki kabisa. Wahudumu wa simu walikuwa wamejifunza wenyewe kuwaambia wateja, “Zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa.” Mradi ushauri huo ulifanya kazi, hakuna aliyeuliza kwa nini. Nimejenga tabia ya kukaa na wahudumu wa simu nusu siku kila ninapoingia kampuni mpya. Dawa wanazozitoa kwa mazoea huonyesha ugonjwa ulipo.

Kwao pia nilijifunza habari za mizimu. Mteja anasema hawezi kuingia, seva inasema yuko ndani tayari. “Dada, niko gizani tangu jana, mtandaoni nimefikaje?” Ilikuwa hivi: mnara ulizimika ghafla, betri zikaisha, NAS ikafa bila kutuma taarifa kwamba wateja wametoka. Kwenye databezi sesheni zao, yaani kumbukumbu za kuwa ndani, ziko wazi. Kifurushi kinaruhusu kuingia mara moja tu kwa jina moja, hivyo mwenye jina akirudi anakataliwa kwa sababu yake mwenyewe. NAS ikiwaka huwa inatuma Accounting-On, maana yake nimezaliwa upya, futeni wote mliodhani wako kwangu. Ila inaituma mapema, wakati redio ya mikrowevu inayouunganisha mnara na sisi bado inaamka. Ujumbe unapotea njiani. Tukaacha kuutegemea: sesheni ambayo haijatoa taarifa kwa vipindi vitatu mfululizo tunaifunga wenyewe, na mwenye kifaa kile kile akibisha tena tunamfungulia na kuifuta ile ya zamani.

La baiti nitalisema kwa ufupi. Hesabu ya matumizi kwenye RADIUS hukaa kwenye namba ya biti 32, inayofika 4,294,967,295 kisha inarudi sifuri. Kwa spidi ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni kama dakika 57 za kupakua mfululizo. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 iliongezwa sehemu ya Gigawords, inayohesabu ni mara ngapi imezunguka. Programu ya malipo isiposoma sehemu hiyo, mteja wa gigabaiti 40 ataonekana mwenye matumizi ya mtu anayesoma barua pepe. Na kumbuka kwamba Input kwenye taarifa hizo ni kile NAS ilichopokea kutoka kwa mteja, yaani alichopakia. Nimeona ripoti nzima za kampuni zikiwa zimegeuzwa, na wakurugenzi wakijadili kwa nini Watanzania wanapakia kuliko kupakua.

Sasa wadukuzi. Kisa cha kwanza kiliniangukia pale mkuu wa usalama alipoagiza maneno ya siri yote kwenye databezi yageuzwe kuwa heshi, yaani alama zisizoweza kurudishwa kuwa neno lenyewe. Agizo zuri. Ila NAS nyingi zilikuwa zikitumia CHAP, njia ya kuthibitisha mteja ambayo nenosiri halisafiri kabisa, na kwa sababu hiyo seva lazima ilijue lilivyo ili ifanye hesabu yake na kulinganisha. Ukiweka heshi, CHAP inakufa. Ukihamia njia nyingine, PAP, unaweza kuweka heshi, lakini nenosiri sasa linasafiri ndani ya pakiti likiwa limefunikwa kwa siri ya pamoja ya NAS na seva, kwa MD5, hesabu ya zamani ya kutengeneza heshi. Hakuna chaguo lisilo na maumivu. Tulichagua PAP ndani ya njia zetu zilizofichwa kwa IPsec, usimbaji wa pakiti zinapopita njiani, na mtu mwingine angeweza kuchagua vingine bila kukosea.

Siri hiyo ya pamoja ndiyo tundu lililokuwa kubwa. Kampuni moja niliyoikuta ilikuwa na siri moja kwa NAS zote, neno la kamusi, na kila fundi aliyewahi kusimika mnara alilijua, pamoja na waliokwisha kuhamia kwa washindani. Mwenye siri hiyo akikaa njiani anaweza kuyasoma maneno ya siri ya wateja. Kisha Julai 2024 watafiti wakaonyesha shambulio waliloliita Blast-RADIUS: mtu aliye kati ya NAS na seva anaweza kuligeuza jibu la hapana kuwa ndiyo bila hata kuijua siri, kwa kutumia udhaifu wa MD5. Wiki hiyo kila mtu alikimbilia kuwasha Message-Authenticator, muhuri unaothibitisha kwamba pakiti haijachezewa, kwenye pakiti zote. Kwetu ruta za zamani hazikuitambua, na hizo ndizo tulizozipitisha kwenye IPsec haraka. RADIUS juu ya TLS, usimbaji ule ule unaolinda tovuti, ipo, imeandikwa tangu mwaka 2012 kwenye RFC 6614, poti 2083. Vifaa vya bei ya kwetu ndiyo kwanza vinaijifunza.

Kitu ambacho hakuna aliyenifundisha ni kwamba kumbukumbu hizi zina siku husomwa na watu wasio mafundi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na barua huja: anwani hii ya IP, siku hii, saa hii, ilikuwa kwa nani? Zamani lilikuwa swali la dakika mbili. Anwani za IPv4 zilipoadimika, wateja wengi wakawekwa nyuma ya anwani moja, wao wakipewa za 100.64.0.0/10 zilizotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. RADIUS inakwambia nani alikuwa na anwani ya ndani. Haikwambii nani kati ya mamia alitokea kwa anwani ya nje, labda uwe na kumbukumbu za NAT zenye poti, na saa za vifaa vyote ziwe zimelingana.

Saa zenyewe ni kazi. Seva zetu huandika kwa UTC. NAS moja iko saa tatu mbele, kwa saa za Afrika Mashariki. Mlalamikaji ameandika polisi “saa tatu usiku”, karani akaandika 3:00, barua ikafika kwetu ikiwa na alfajiri ya saa tisa. Tukifuata karatasi, tungemtaja mtu aliyekuwa amelala. Kwa hiyo sasa tuna fomu ya kurudisha: tunaomba saa kwa tarakimu 24, tunaomba ukanda wa saa, tunaomba poti ya kutokea. Fomu hiyo wanaoipokea hawaipendi. Bila poti, tunajibu kwa maandishi kwamba hatuwezi kumtaja mtu, na mwanasheria wa kampuni anatia saini chini yake.